Kimo na Pembe za Datsun 240Z

Wasikilizaji wapenzi, jambo nililowaletea leo ni la gereji, lenye grisi na sauti ya nyundo, walakini ndani yake mna hesabu, na hesabu hiyo ikishafahamika humfaa hata mtu ambaye hajapata kushika spana maisha yake yote. Nataka tuzungumze juu ya kulishusha gari la spoti la zamani upande wa mbele: namna gani linashushwa, linashushwa kwa sababu gani, na ni kitu gani huharibika pale mtu anaposhusha kimo cha gari akasahau kuzitazama pembe zake. Kimo na pembe. Nawaomba mshike maneno hayo mawili, maana tutayarudia.

Gari nililolichagua ni Datsun 240Z. Lilitoka Japani mwishoni mwa mwaka 1969, na kwao likaitwa Fairlady Z. Marekani, ambako Bwana Yutaka Katayama alilipigania kwa bidii nyingi mpaka likauzwa kwa maelfu, likajulikana kwa hesabu ya injini yake, lita 2.4, silinda sita katika mstari mmoja. Uzito wake ni takriban tani moja tu. Boneti yake ni ndefu, paa lake linateremka taratibu mpaka nyuma, na mtu akilitazama kwa ubavuni huona yakini kwamba waliolichora walikuwa na mapenzi na kazi yao.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kutambulishwa kwa gari hili kana kwamba ni mgeni. Wazee wanaonisikiliza watakumbuka mashindano ya magari ya Safari ya wakati wa Pasaka, ambayo zamani hizo yalivuka mipaka ya nchi zetu, yakapita katika vumbi, matope na mawe. Na watakumbuka kwamba mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na mwaka 1973 akashinda kwa gari la namna hiyo hiyo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Miaka hiyo hiyo, ng'ambo ya pili ya dunia, huko California, kulikuwa na karakana ya Peter Brock iliyoitwa BRE, na dereva wake John Morton akatwaa ubingwa wa Marekani wa daraja lake mara mbili mfululizo, mwaka 1970 na mwaka 1971, kwa gari hilo hilo la 240Z. Huku kwetu gari lilihitaji tumbo lililo juu ya mawe. Huko kwao, katika viwanja vya lami iliyo laini, lilishushwa mpaka likawa karibu kuigusa ardhi. Gari ni moja, lakini kila upande ulilipa kimo chake, na pande zote mbili zilipata ushindi. Basi hapana kimo kilicho bora kwa asili yake. Kuna kimo kinachofaa barabara fulani, na kuna pembe zinazotakiwa kuambatana nacho.

Kwa nini mtu alishushe gari? Wengi watajibu kwamba hufanya hivyo kwa ajili ya uzuri wa macho, na jibu hilo silidharau, maana 240Z ilipelekwa Marekani ikiwa imesimama juu kidogo, na nafasi iliyo baina ya tairi na ukingo wa bodi yake huwakera wengi wapendao umbo la gari hilo. Lakini sababu ya haki ni uzito. Gari linapopiga kona, uzito wake hutaka kuendelea mbele ilhali magurudumu yanavuta pembeni, na kadiri uzito huo ulivyokaa juu ndivyo gari linavyoinamia upande wa nje na kuielemea tairi moja kuliko nyingine. Manahodha wetu wanaijua habari hii tangu kale, ndiyo maana jahazi tupu haliondoki bandarini bila farumi chini kabisa, penye mkuku. Ukishusha uzito, gari hutulia, na tairi zote mbili za mbele hufanya kazi badala ya moja kuachiwa mzigo wote.

Ni rahisi, basi, mtu kudhani kwamba kazi imekwisha akiishika springi, akaikata kwa msumeno mzunguko mmoja au miwili, akairudisha mahali pake. Kazi hii hufanywa sana, na si kwa magari ya zamani tu. Vijana wa mitaani wanaifanya kwa Corolla kila siku. Nasema wazi, bila kuficha, kwamba kufanya hivyo na kuishia hapo ni kulidhulumu gari na kumhatarisha anayelipanda. Springi ikikatwa hupungua urefu, na wakati huo huo huongezeka ugumu, kwani ugumu wa springi hutegemea idadi ya mizunguko iliyobaki: tuseme ilikuwa na mizunguko minane inayofanya kazi, ukiondoa mmoja ugumu wake utapanda kwa sehemu moja ya saba. Ugumu huo kidogo si neno, pengine hata wafaa. Lililo baya ni kwamba ncha iliyokatwa haikai tena vizuri katika kikalio chake. Na gurudumu linaponing'inia, kama linavyoning'inia gari likiruka tuta, springi iliyo fupi mno hulegea, ikaweza kuhama mahali pake na kurudi kwa mshindo. Na wako wanaoipasha springi moto kwa gesi mpaka ikalegea na kukaa chini. Hao huuondoa ule uimara ambao kiwanda kiliuweka katika chuma kwa makusudi, na springi ya namna hiyo haitabiriki tena.

Sasa tuingie chini ya gari lenyewe. Mbele ya 240Z kila gurudumu lina mguu mmoja uliosimama, ambao ndani yake mna shokomzoba na nje yake imezungushwa springi. Ni mpango wa mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, na leo umeenea duniani kote, hata msikilizaji mwenye gari dogo la familia aghalabu anao nyumbani kwake bila ya kujua jina lake. Juu, mguu huo umefungwa katika bodi, chini ya boneti. Chini, umeshikwa na mkono wa chuma uliolala, ambao upande wa ndani umefungwa kwa bushi ya mpira katika mhimili ulio chini ya injini, na upande wa nje umeshikana na mguu kwa boljointi. Kuna fimbo nyingine inayotoka katika mkono huo kwenda nyuma mpaka kwenye chasi, kuuzuia usisogee mbele wala nyuma. Na kuna tairodi, inayotoka kwenye usukani kwenda kuligeuza gurudumu. Springi imekaa karibu sana na gurudumu, kwa hiyo ukishusha springi inchi moja, gari nalo hushuka karibu inchi hiyo hiyo.

Nawaomba sasa mfanye jambo pamoja nami, ninyi mliokaa, si wewe uliyeshika usukani. Bana kiwiko chako ubavuni, unyoshe kigasha mbele yako, kisha ukiteremshe kidogo hata ngumi iwe chini ya kiwiko. Hivyo ndivyo mkono wa chini wa 240Z ulivyotoka kiwandani: umeteremka kidogo kuelekea nje. Sasa ipandishe ngumi polepole. Waona? Inapopanda kuelekea usawa wa kiwiko, ngumi inakwenda mbali na kifua. Endelea kuipandisha, ipite usawa ule. Sasa ngumi inarudi, inakikaribia kifua. Mkono wa gari hufanya vivyo hivyo. Mkono ukiwa chini ya usawa, gurudumu linapopanda katika kona, boljointi hulisukuma tako la mguu kwenda nje, na tairi ya nje hujisimamisha vema juu ya lami. Mkono ukishapita usawa, kila gurudumu linapozidi kupanda boljointi hurudi ndani, kichwa cha tairi kikaanza kulala nje, na tairi ikakanyaga kwa ukingo wake tu. Nalo gari lililoshushwa inchi mbili bila hesabu huanza safari yake mkono ukiwa umekwisha pita usawa, kabla ya kufika kona yoyote.

Hilo ni moja. La pili ni gumu zaidi kulieleza kwa redio, illa nitajaribu, kwa kuwa ndilo kiini cha mazungumzo haya. Bodi ya gari inapoinama katika kona, huinama kwa kuzunguka nukta fulani isiyoonekana kwa macho, ambayo wahandisi huipata kwa kuchora mistari ya mkono na mguu karatasini. Tuiite kitovu cha mwinamo. Kitovu cha uzito kiko juu. Kitovu cha mwinamo kiko chini. Na umbali ulio baina yao ndio wenzo ambao uzito huutumia kuliinamisha gari. Wenzo ukiwa mfupi, gari huinama kidogo; ukiwa mrefu, huinama sana. Je, ukilishusha gari inchi moja bila kugusa kitu kingine, wenzo huu unafupika? Mtu atasema naam, kwa sababu uzito umeshuka. Walakini katika mguu wa MacPherson mambo ni kinyume: uzito umeshuka inchi moja, lakini kwa kuwa mkono umegeuka pembe yake, kitovu cha mwinamo kimeshuka zaidi ya inchi moja. Wenzo umerefuka. Ndipo utakapomsikia mwenye gari akilalamika kwamba amelishusha gari lake, na bado linainama kama zamani au zaidi, na kwa kutafuta dawa hununua springi ngumu zaidi na fimbo nene ya kuzuia mwinamo, gari likawa gumu kama mkokoteni, na maradhi yako pale pale. Narudia: kimo kikishuka, pembe hubadilika, na aliyeshusha kimo hajamaliza kazi mpaka azirudishe pembe.

Zinarudishwaje? Katika 240Z jambo hili lina wepesi wa kupendeza. Chini ya mguu kuna kipande cha chuma kilichofungwa kwa bolti mbili, na kipande hicho hicho kimoja ndicho kinachoibeba boljointi na ndicho kinachoshikwa na tairodi. Fundi huzifungua zile bolti, akatia baina ya mguu na kipande kile speza ya chuma au ya alumini yenye unene uliopimwa, kisha akafunga tena kwa bolti ndefu zaidi zilizo za daraja lile lile la uimara. Boljointi imeshuka, mkono umerudi kuteremka kuelekea nje, kitovu cha mwinamo kimepanda kurudi karibu na mahali pake. Na tairodi nayo imeshuka pamoja, haikubaki nyuma.

Hili la tairodi tukae nalo kidogo. Mkono wa chini huchora upinde wake gurudumu linapopanda na kushuka, na tairodi huchora upinde wake. Pinde hizo zikipatana, gurudumu hupanda tuta likiwa limeelekea mbele vile vile. Zisipopatana, tairodi huvuta au husukuma, na gurudumu hujigeuza lenyewe bila ya dereva kuugusa usukani. Mtu anayeendesha gari la namna hiyo kwa kasi kwenye barabara yenye mawimbi huona gari linachagua njia yake, na mikono yake haitulii hata dakika moja. Kulipima jambo hili hakuhitaji mashine ya fedha nyingi: springi huondolewa, gurudumu hupandishwa na kuteremshwa kwa jeki, robo inchi kwa robo inchi, na ubao ulionyooka uliofungwa penye habu hutazamwa kama unabaki sambamba na mstari uliochorwa sakafuni. Ni kazi ya asubuhi nzima, nami namsifu kila fundi mwenye subira ya kuifanya.

Speza ina mpaka wake, lakini. Rimu za asili za gari hili ni za inchi 14, na ndani yake nafasi si kubwa. Speza ikizidi unene, mkono au boljointi itaikaribia rimu mno, na hapo aliye na rimu kubwa zaidi ana wasaa kuliko aliye na rimu za asili. Kwa hiyo hesabu ya speza sharti ifanywe pamoja na hesabu ya rimu, na pamoja na hesabu ya kiasi ambacho gari litashuka. Kununua speza kwanza na kufikiri baadaye ni kugeuza kazi kichwa chini.

Kuna na habari ya mguu wenyewe. Shokomzoba ina safari yake, juu na chini, na mwisho wa safari ile kuna kizuizi cha mpira. Ukilishusha gari kwa springi fupi peke yake, pistoni inakaa muda wote karibu na kizuizi, na mara gari likiinama katika kona hugonga mpira, springi haifanyi kazi tena, na sehemu ya mbele, ambayo nukta iliyopita ilikuwa imeshika barabara, huachia ghafla. Mafundi wa magari ya mashindano hulitibu jambo hili kwa kuufupisha mguu. Humwaga mafuta yaliyomo, kwani ndani ya mguu wa zamani shokomzoba na mguu ni chombo kimoja. Hukikata kikalio cha springi. Huondoa kipande cha bomba kinacholingana na inchi ambazo gari limeshuka. Kisha hulichomelea bomba na kutia ndani yake shokomzoba fupi iliyo chombo kamili peke yake. Penye alama ya msumeno bomba hufungwa juu ya chuma cha pembe ili vipande viwili visipishane hata unywele, kisha huchomelewa kidogo hapa, kidogo upande wa pili, likageuzwa, likachomelewa tena, ili joto lisilipinde. Na kabla ya kufunga nati ya juu, fundi anayejua kazi yake humimina ndani ya bomba mafuta machache yajaze nafasi iliyobaki kuizunguka shokomzoba mpya, ili joto lake lipate njia ya kutokea. Mafuta yale hayaonekani na mtu yeyote, wala hayabadili sura ya gari, lakini bila hayo shokomzoba huishi maisha mafupi. Kuchomelea huku si kazi ya kujifunzia. Mguu ule ndio unaolibeba gurudumu, na ukikatika njiani hapana breki wala usukani utakaomwokoa dereva.

Asaa msikilizaji wa Mombasa au wa Dar es Salaam ataniuliza: je, na barabara zetu? Nitamjibu kwa unyofu. Kama gari lako halitoki kwenye lami, inchi moja, pamoja na pembe zilizorudishwa, itakupa raha ya kweli, na bado utayavuka matuta kwa uangalifu. Inchi mbili na zaidi ni za kiwanja cha mashindano. Na kama njia ya kwenda nyumbani kwako ni ya changarawe na makorongo, wafuate Herrmann na Mehta, uache gari lisimame juu. Hakuna aibu yoyote katika kimo kilichoshinda Safari.

Yamebaki mambo machache ya kumalizia, nami nitayapita upesi. Kiwanda hakikuweka njia ya kurekebisha mlalo wa magurudumu ya mbele ya gari hili, kwa hiyo anayetaka kichwa cha tairi kilale ndani kidogo hutumia sahani za juu zenye nafasi ya kusogea, au bushi zenye tundu lililo kando. Na kwa gari la barabarani digrii moja au moja na nusu inatosha, ikizidi tairi huliwa upande wa ndani. Magurudumu yote yapimwe alaimenti upya. Mipira ya breki isivutike usukani unapokatwa mpaka mwisho, wala tairi isisugue bodi. Taa nazo zirekebishwe, kwani pua iliyoshuka huzielekeza chini, dereva asione mbali usiku.

Na liko moja ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Bushi za ndani za mkono wa chini ni mpira ulioshikamana na chuma, nao hauzunguki bali hujipinda. Ukizikaza bolti zake gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, mpira utakuwa umejipinda siku zote gari litakapokuwa chini, nao utapasuka kabla ya wakati wake, na kimo ulichokihangaikia hakitakuwa kile ulichokipima. Basi zifunge kwa mkono tu, literemshe gari likae juu ya magurudumu yake manne, lisukume mbele na nyuma hatua chache, libonyeze mara mbili tatu kwa boneti ili likae mahali pake, ndipo uingie chini uzikaze kwa nguvu ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari.

Wasaa wangu umekwisha, wasikilizaji wapenzi. Juma lijalo, tukijaaliwa, tutakwenda nyuma ya gari hili hili, ambako mpango wa miguu ni mwingine na mkono wake una umbo tofauti, tutazame pembe za huko.